Chenji ya Rada na Watu Waliopiga Kelele Mpaka Ikarudi

Vitabu vya mwisho nilivyofundishia kabla sijastaafu vilinunuliwa kwa fedha za kampuni ya silaha. Haukuwa msaada wala mkopo. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri kosa mahakamani kuhusu rada iliyoiuzia Tanzania, ikatakiwa kulipa, na fedha zile zikaelekezwa kwenye shule za msingi. Nchi nzima ilizipa jina moja: chenji ya rada. Bungeni zilitajwa hivyo, na magazetini ziliandikwa hivyo.

Siku hizi nipo Kibaigwa, kwenye soko la kimataifa la mazao, ambako nanunua mahindi na alizeti kutoka kwa wakulima wa Kongwa na Kiteto na kuwauzia wenye malori yanayoshuka Dar es Salaam. Vijana wengi wanaopakia mizigo niliwafundisha mimi kusoma. Wakikaa kivulini kusubiri lori, huniuliza mambo, na hili la rada hurudi mara kwa mara. "Mwalimu, hivi zile fedha Wazungu walizirudisha kwa huruma tu?" Hapana, wanangu. Zilirudi kwa sababu watu walipiga kelele miaka kumi mfululizo, kule kwao na huku kwetu, na kelele zile zilielekezwa mahali panapostahili: kwa serikali zilizoisaidia kampuni kuuza.

Wengi tunapofikiria biashara ya silaha, tunamwona mtu mwenye miwani myeusi akipokea sanduku gizani. Biashara kubwa ya silaha haiendi hivyo. Inaendeshwa ofisini, mchana kweupe, na serikali ikiwa imekaa upande mmoja wa meza pamoja na muuzaji. Kwa Uingereza, kampuni haiwezi kusafirisha vifaa vya kijeshi nje bila kibali cha serikali. Kwa hiyo kila mzigo unaotoka una saini ya serikali juu yake. Zaidi ya kibali, tangu mwaka 1966 kulikuwa na ofisi nzima ndani ya Wizara ya Ulinzi, iliyojulikana kwa kifupi kama DESO, ambayo watumishi wake walilipwa kwa kodi za wananchi ili watafute wateja wa kampuni za silaha. Kuna pia idara ya kudhamini mikopo: nchi iliyonunua ikishindwa kulipa, hazina ya Uingereza inamlipa muuzaji, na deni linageuka kuwa la serikali kwa serikali. Ongeza na mawaziri wanaosafiri na wakurugenzi wa kampuni, kisha uniulize ni muuza mahindi gani wa Kibaigwa aliyewahi kupata msaada wa namna hiyo.

Sasa turudi Desemba 2001. Serikali ya Tony Blair ilitoa kibali cha kuiuzia Tanzania rada ya aina ya Watchman kwa pauni milioni 28, takriban dola milioni 40 za wakati ule. Benki ya Barclays ilikopesha fedha. Ndani ya baraza lile la mawaziri kulikuwa na mvutano mkali. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga kwa nguvu zote, na Gordon Brown, waziri wa fedha, alikuwa upande wake. Upande wa pili walikuwapo Blair mwenyewe, Jack Straw wa mambo ya nje na Geoff Hoon wa ulinzi. Hoja yao kubwa ilikuwa ajira: rada ilitengenezwa kwenye kisiwa cha Isle of Wight, na ilisemwa kwamba kazi za watu wapatao 250 zingekuwa hatarini. Blair akashinda.

Naikumbuka vizuri miezi ile, ingawa habari ya rada sikuwa nimeisikia kabisa. Novemba 2001 Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya kupunguziwa madeni ya nje, nafuu iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3 kwa miaka. Masharti yalikuwa wazi kwamba kinachookolewa kiende kwenye afya, maji na elimu. Ada ya shule ya msingi ikafutwa, na Januari 2002 ukaanza MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. Watoto walimiminika. Nchi nzima wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Darasani kwangu niliingiza watoto waliokuwa wamechelewa kuanza kwa miaka mingi, wavulana wakubwa waliokuwa wakichunga ng'ombe wakakaa sakafuni pamoja na wadogo zao. Kitabu kimoja cha hesabu kilizungukwa na vichwa vitano au sita. Aliyekaa pembeni alijifunza kusoma maandishi kichwa chini miguu juu, na wapo waliozoea hivyo mpaka ukiwageuzia kitabu upande wa kawaida wanasita kwanza.

Ndiyo miezi hiyo hiyo tulikopeshwa fedha za kununua rada.

Serikali yetu, chini ya Rais Benjamin Mkapa, ilikuwa na hoja zake, na sitaki kuzificha. Ilisema nchi yenye mamlaka yake ina haki ya kujua kinachopita angani mwake, na kwamba rada tuliyokuwa nayo ilikuwa imechakaa. Yote mawili ni kweli. Lakini Benki ya Dunia ilionya kwamba mtambo ule ni ghali mno kwa kazi tuliyokuwa tukiihitaji. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliuchunguza likasema ni mtambo uliotengenezwa zaidi kwa ajili ya jeshi, kwamba msaada wake kwa ndege za abiria ni mdogo, na kwamba bei yake ni kubwa. Hata mtoto wa darasa la saba anaweza kutazama ramani akaona kwamba rada moja iliyosimikwa Dar es Salaam haiwezi kuona ndege iliyoko juu ya Kigoma.

Bei ile ilikuwa na kitu ndani yake. Kilijulikana wazi Januari 2007, gazeti la Guardian la London lilipoandika kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa siri kwa wakala aliyesaidia kupatikana kwa mkataba. Piga hesabu: milioni 12 katika milioni 40 ni karibu thuluthi. Sisi wa sokoni tunajua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonewa kwa sindano kubwa, na mkulima analipwa kana kwamba ameuza gunia la kawaida. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi, na mizani imewekwa hapa Kibaigwa ili mahindi yauzwe kwa kilo. Rada yetu iliuzwa kwa lumbesa iliyogeuzwa: kilemba kilikuwa kwenye bei, na aliyebebeshwa alikuwa mnunuzi. Dalali wa hapa akitaka thuluthi ya thamani ya mzigo, vijana watamfukuza getini.

Nani aliyaibua yote haya? Waandishi wa habari, ndiyo. Lakini nyuma yao walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuuliza tu, mwaka hadi mwaka. Tangu 1974 Uingereza ina kikundi kiitwacho Campaign Against Arms Trade, kifupi chake CAAT. Kilianzishwa na watu wa kawaida, wengi wao wapenda amani wa makanisa na wa vyama mbalimbali. Nimesoma habari zao kwa makini, na kinachonivutia ni jinsi wanavyotumia milango iliyo wazi. Wananunua hisa chache za kampuni ya silaha ili wapate haki ya kuingia kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, kisha wanasimama na kuwauliza wakurugenzi maswali mbele ya watu wote: mmemlipa nani, kiasi gani, kwa kazi gani? Wengine husimama mbele ya malango ya maonyesho makubwa ya silaha yanayofanyika mashariki mwa London kila baada ya miaka miwili, wakazuia malori, wakakamatwa. Wengine wanachambua majedwali ya vibali vya serikali mstari kwa mstari. Hii ni kazi ya kuchosha, na haina picha ya kuweka ukurasa wa mbele.

Kesi ya rada ya Tanzania iliwapa mfano ambao hakuna aliyeweza kuukwepa. Wakati kibali kinatolewa, Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili sheria mpya ya kudhibiti usafirishaji wa silaha nje. Uingereza ilikuwa tayari na vigezo vyake vya kutoa vibali, na kimojawapo kilidai izingatiwe kama nchi inayonunua inaweza kumudu bila kuumiza maendeleo yake. Mashirika kama Oxfam yaliuliza: ikiwa kigezo hicho hakikuizuia rada kwenda kwenye nchi ambayo mwezi uliotangulia imesamehewa madeni, kitazuia nini? Sheria ilipopita mwaka 2002, suala la maendeleo endelevu lilikuwa limeandikwa ndani yake. Rada yetu ilikuwa imeshapakiwa. Kelele zilikuwa zimechelewa kwa Tanzania, ila mnunuzi maskini wa baadaye aliachiwa ngao kidogo.

Mwaka 2007 wanaharakati wale walipata ushindi mwingine. Gordon Brown, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, alitangaza kuifunga DESO, ile ofisi ya kutafutia kampuni za silaha wateja, ambayo CAAT ilikuwa imepigania ifungwe. Mwaka uliofuata kazi yake ilihamishiwa kwenye idara ya biashara chini ya jina jipya. Kwa hiyo ulikuwa ushindi wa nusu.

Mapambano yao makali zaidi yalihusu Saudi Arabia. Desemba 2006 serikali ya Blair ilisimamisha uchunguzi uliokuwa ukifanywa na SFO, taasisi ya Uingereza inayochunguza rushwa na udanganyifu mkubwa, kuhusu mauzo ya ndege za kivita za BAE kwa Wasaudi. CAAT, pamoja na The Corner House, kikundi kidogo sana cha utafiti kilichokuwa katika mji mdogo mkoani Dorset, mbali na London, waliipeleka serikali mahakamani. Aprili 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba kusimamisha uchunguzi kulikuwa kinyume cha sheria. Julai mwaka huo huo Bunge la Mabwana, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, likatengua uamuzi huo. Walishindwa. Lakini baada ya kelele zile SFO isingeweza kulifunga kimyakimya faili jingine la BAE lililobaki mezani, lile la rada ya Tanzania.

Huku nyumbani nako kulikuwa kumechangamka. Baada ya mbunge wa upinzani, Dk. Willibrod Slaa, kusoma orodha yake ya watuhumiwa wa ufisadi pale Mwembeyanga, Temeke, Septemba 2007, watu wa kawaida walianza kuuliza maswali ambayo zamani yaliulizwa kwa kunong'ona. Aprili 2008 habari zikatoka kwamba wachunguzi wa Uingereza wamekuta zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti ya kisiwani Jersey iliyohusishwa na Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mkataba wa rada ulipopita. Yeye alikana kwamba fedha zile zina uhusiano na rada, na hakutiwa hatiani kwa jambo hilo. Alipoulizwa na waandishi, aliziita vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri wa miundombinu. Walimu wenzangu, ambao mshahara wao wa maisha yote usingefika hapo, waliirudia kauli ile ofisini asubuhi hadi jioni. Hapakuwa na aliyecheka.

Naomba nikae kidogo kwenye hukumu, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. BAE haikukiri kutoa rushwa. Februari 2010 ilikubaliana na SFO kwamba itakiri kosa moja tu: kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo ya yule wakala wa Tanzania. Kwa makubaliano hayo kampuni ingetoa pauni milioni 30 kwa jumla, na faini yoyote ya mahakama ikatwe humo, kinachobaki kiende kwa wananchi wa Tanzania. CAAT na The Corner House walikwenda tena mahakamani kuyapinga makubaliano hayo. Walisema kosa la hesabu haliwezi kuwa jina la malipo ya dola milioni 12, na kwamba kesi ikimalizwa kwa njia ile, hakuna atakayesimama kizimbani kueleza fedha zilikwenda kwa nani. Mahakama haikuwasikiliza.

Desemba 2010, kwenye Mahakama ya Southwark, London, Jaji Bean alitoza faini ya pauni 500,000. Alionyesha wazi kwamba mikono yake imefungwa na makubaliano yale, na kwamba ni vigumu kuamini kuwa mtu aliyelipwa kiasi kile alikuwa mpiga debe tu aliyelipwa vizuri. Lakini hakuwa na uwezo wa kuhukumu rushwa ambayo haikushtakiwa mbele yake. Faini ilipokatwa, zikabaki pauni milioni 29.5 za Tanzania.

Nina jirani, mzee aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Nilimsomea habari ya hukumu ile gazetini, naye alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulihesabiwa risasi. Ukitoka ghalani umesaini, ukirudi unaulizwa ngapi zimebaki. Sasa hao waliouza mtambo mzima wanasema hawakuandika?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mzee huyu ndiye pia anayenipinga zaidi. Anasema wanaharakati wa Ulaya wanaopinga silaha hawajui maana ya kuvamiwa. Anapoongea hivyo namsikiliza kwa heshima, kwa sababu hapa Kongwa historia iko upande wake pia. Mwaka 1964 wapiganaji wa FRELIMO walifungua kambi yao jirani yetu Kongwa, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa makamanda wake. Baadaye wakaja wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Bila silaha zile, Msumbiji isingekuwa huru mwaka 1975. Sitamwambia mtu aliyezika wenzake njia ya Kagera kwamba bunduki zote ni sawa.

Lakini historia ya Kongwa ina ukurasa mwingine ninaomkumbusha kila mara. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja hapa na mradi mkubwa wa karanga. Kwa kukosa matrekta baada ya vita kuu, walichukua vifaru aina ya Sherman, wakaondoa mizinga, na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikavigeuza matrekta ya kung'olea vichaka. Miaka mingi baadaye, viwanda vya ndege na vya meli vya Vickers vilikuja kuwa sehemu ya kampuni inayoitwa leo BAE. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haikufuata ratiba ya London, mashine zikaharibika, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Wagogo wa hapa hawakuulizwa kama karanga zitaota. Ndicho ninachomwambia mzee wangu: tatizo langu na rada si kwamba nchi isiwe na ulinzi. Tatizo langu ni watu wawili kukaa mezani, mmoja na kalamu ya serikali yake na mwingine na kalamu ya serikali yetu, wakaamua tunahitaji nini na kwa bei gani, halafu sisi tukaambiwa ni siri ya ulinzi. Hapo mzee hukubali. Anasema hata jeshini, aliyeagiza chakula kibovu hakusalimika kwa kusema ni siri.

Baada ya hukumu, fedha hazikuja. Nusu nzima ya mwaka 2011 ilipita BAE ikiwa na mpango wa kuzigawa yenyewe kupitia bodi ya ushauri iliyoiunda, pengine kwa mashirika ya hisani. Ilikuwa kana kwamba mkosaji anachagua mwenyewe atamfidia nani. Hapo ndipo Kongwa inapoingia. Bunge letu lilituma ujumbe London ukiongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, marehemu Job Ndugai, mbunge wetu wa Kongwa. Dai lao lilikuwa kwamba fedha zipitie serikalini, kwa kuwa nchi ndiyo iliyouziwa. Wapo hapa nyumbani waliokuwa na hofu, tena hofu ya haki, kwamba zikiingia hazina zitayeyuka. Julai 2011 kamati ya Bunge la Uingereza inayosimamia maendeleo ya kimataifa, chini ya uenyekiti wa Malcolm Bruce, iliwaita maofisa wa BAE na kuwahoji hadharani kwa nini hawajalipa. Kila mtu aliweza kusikiliza na kusoma maswali na majibu. Machi 2012 makubaliano yakasainiwa: pauni milioni 29.5 pamoja na riba, zaidi ya shilingi bilioni 70, zinunue vitabu kwa shule za msingi zipatazo 16,000, na madawati.

Yalipofika maboksi shuleni kwetu, mwalimu mkuu aliyafungua mbele ya wanafunzi wote. Mtoto mmoja wa darasa la tano alipokea kitabu cha sayansi, akakinusa, kisha akauliza kama anaruhusiwa kukifungua au ni cha kuweka kabatini. Nilimwambia kifungue, ni cha kwako na mwenzako mmoja tu. Walimu wote tulifurahi, na furaha ile sitaipunguzia thamani. Hata hivyo, wakati ule ule nilikuwa nikijiuliza: watoto waliokuwa darasa la tano mwaka 2002 wako wapi? Wengi wao ndio hawa wanaobeba magunia sokoni. Chenji iliwakuta wameshamaliza shule.

Kwa sababu hiyo, vijana wangu wanapouliza kama kelele zina faida, siwapi mfano wa vitabu peke yake. Nawaambia habari ya wapakuaji wa bandari ya Durban, watu wa kazi kama yao. Aprili 2008 meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ilitia nanga ikiwa na silaha zilizokuwa zikienda Zimbabwe katikati ya mgogoro wa uchaguzi. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeruhusu mzigo upite. Wafanyakazi wa chama cha SATAWU wakasema hawapakui. Viongozi wa kanisa wakaenda mahakamani, meli ikaondoka, na vyama vya wafanyakazi katika nchi za jirani vikaisubiri bandarini kwao. Kijana mmoja aliposikia hivyo aliuliza, "Yaani kuli tu?" Ndiyo, makuli. Ule ndio wakati mzuri wa kupiga kelele: mzigo ukiwa bado melini.

Nawaambia pia habari ya Julius Arile, Mkenya wa Pokot Magharibi, aliyewahi kushika bunduki katika mapigano ya wizi wa mifugo kabla ya kuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Mwaka 2006 kampeni ya kudai mkataba wa dunia wa biashara ya silaha ilikusanya picha za nyuso za watu milioni moja, na Arile ndiye aliyekabidhi ombi lile kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizowasilisha azimio la kuanzisha mazungumzo hayo. Mkataba ulipitishwa Aprili 2013 na kuanza kutumika Desemba 2014. Wafugaji wetu wa Kiteto wanajua bunduki moja ikiingia kwenye mgogoro wa malisho inaacha makaburi mangapi, kwa hiyo habari hii si ya mbali kwao.

Tunachokosa hapa nchini ni mahali pa kuulizia kabla. Waingereza wana kamati ya wabunge inayokagua vibali vya silaha, na wana wananchi wanaozisoma ripoti zake. Sisi tuna Kamati ya Bunge ya ulinzi, tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na tuna wabunge wanaopita Kibaigwa wakielekea Dodoma, tena hununua karanga za kuchemsha hapo barabarani. Ninachotaka ni kitu kimoja: manunuzi makubwa ya ulinzi yanayolipwa kwa mkopo yapite mbele ya kamati ya Bunge kabla mkataba haujasainiwa, hata kama ni kwa mlango uliofungwa, na jina la kila wakala na malipo yake liandikwe na kubaki kwenye kumbukumbu. Nimeliandika hilo kwa barua, vijana wa sokoni wakaweka saini zao chini, wengine kwa mwandiko ule ule niliowafundisha, na tumeituma Dodoma. Bado tunasubiri jibu, na tutaandika nyingine.